Tuangalie Chini au Mbele? Historia Fupi ya Lugha ya Mwili katika Usaili wa Kazi



Juma lililopita alinijia msichana niliyemfundisha Kiswahili hadi alipomaliza kidato cha sita. Mkononi alikuwa na barua ya kumwita kwenye usaili wa kazi, wa kwanza maishani mwake. Hakuniuliza atajibu nini wala atavaa nini. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, nikiingia mle ndani, nipige magoti au nisipige?"

Hakuwa akitania. Sisi tuliolelewa Busoga, kama ndugu zetu wa Buganda, tulifunzwa tangu utotoni kwamba mtoto wa kike humwamkia mkubwa akiwa amepiga magoti, na kwamba kumkazia macho anayekuzidi umri ni utovu wa adabu. Swali lake lilinirudisha nyuma miaka kadhaa. Mwaka niliopata stashahada ya ualimu, niliitwa kusailiwa katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Niliingia, nikapiga magoti sakafuni, nikawaamkia wasaili wanne. Wawili walitabasamu. Mmoja alijifanya anasoma karatasi zake. Wa nne akaniambia, "Inuka, mwalimu. Hapa si nyumbani."

Niliinuka, nikaketi, na kuanzia hapo macho yangu hayakutoka mezani. Majibu niliyajua, lakini niliyasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Kazi sikuipata. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kosa lilikuwa la magoti yangu. Historia ndiyo iliyonifundisha vinginevyo, na historia hiyo ndiyo ninayotaka tuisome pamoja leo.

Tuanze na maneno yenyewe

Neno usaili limetokana na kitenzi saili, yaani kuuliza kwa makini ili kupata ukweli wa jambo. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa maneno swali na suala. Anayeuliza ni msaili, anayeulizwa ni msailiwa, na kundi la wasaili huitwa jopo. Majirani zetu wa Kenya aghalabu husema mahojiano ya kazi.

Mambo yanayoandamana na maneno yetu tunapozungumza, kama vile mikono, uso, macho, kiimbo cha sauti na hata kimya, huitwa viziada lugha. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa misemo inayoyahusu. Mtu hukunja uso, hubetua midomo, hukodoa macho, husonya, hujikunyata, hujiuma ulimi. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia na kwamba uso umeumbwa na haya. Ni dhahiri kwamba wazee wetu walijua kuusoma mwili kabla ya mtu yeyote kuandika kitabu juu yake. Swali la kihistoria ni hili: nani aliyekuwa na mamlaka ya kuusoma mwili wa mwenzake, na aliusoma kwa kipimo gani?

Mwili kama mtihani: China na Mengo

Desturi ya kumpima mtu kwa mwili wake kabla ya kumpa kazi ni ya kale. Nchini China, wakati wa utawala wa nasaba ya Tang (618–907), aliyefaulu mitihani ya maandishi hakupewa cheo papo hapo. Wizara iliyohusika na maofisa ilimtazama tena kwa vigezo vinne: mwili, usemi, mwandiko na uamuzi. Mwonekano na mkao wake vilipimwa, ufasaha wa kauli yake ukapimwa, ndipo vikafuata uzuri wa mwandiko na busara ya kuamua mashauri. Tazama mpangilio huo: mwili ulitajwa kwanza, kabla hata ya kauli.

Hapa kwetu hapakuwa na wizara ya namna hiyo, lakini kipimo kilikuwapo. Katika ufalme wa Buganda, koo na machifu walipeleka wavulana katika kasri la Kabaka wakatumike kama watumishi wa ndani. Waliitwa abagalagala. Kijana huyo hakuulizwa maswali kwa nusu saa na kuruhusiwa kwenda zake. Alitazamwa kwa miaka: anavyobeba ujumbe, anavyokaa mbele ya wakubwa, anavyojua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Kutoka miongoni mwao walichaguliwa wengi waliokuja kuwa machifu. Apolo Kagwa, aliyepata cheo cha Katikiro mwaka 1889, naye alipitia utumishi huo wa kasri.

Katika shule hiyo ya kasri, kuinama kulikuwa ni lugha kamili. Aliyeinama alikuwa anasema: ninajua mahali pangu, ninajua mahali pako, unaweza kuniamini. Hakuna aliyemdhania kuwa mwoga au mjinga. Ufasaha wake ulikuwa katika magoti na mgongo.

Kipande: mwili usioulizwa neno

Ukoloni ulikuja na namna nyingine ya kuajiri. Kwa kibarua wa Kiafrika, usaili haukuwapo. Mwajiri alihitaji mikono, na mikono haihojiwi. Aliyetaka kuingia jeshini alipimwa urefu, kifua na afya. Aliyetaka kulima shambani alitazamwa misuli.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa jirani zetu wa Kenya. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri uliotajwa na sheria alilazimika kubeba kipande, yaani hati yenye alama za vidole vyake na maelezo ya kazi alizofanya na mshahara alioupata. Hati hiyo iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri ndiye aliyetia saini mtu alipoondoka kazini. Asiyetiwa saini alihesabiwa kuwa mtoro, na angeweza kushtakiwa.

Fikiria maana yake. Mtu alipofika kwa mwajiri mpya, hakuulizwa, "Unajua nini? Umefanya nini?" Mwajiri alifungua kikebe, akasoma alichoandika mzungu mwenzake. Hati ilisema, mwenye hati akanyamaza. Si ajabu kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wafuasi wake. Thuku alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiliwe, na watu wakauawa kwa risasi. Mfumo huo wa kuwaandikisha Waafrika peke yao uliendelea hadi mwaka 1947, ulipobadilishwa na sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote.

Tunaposema leo kwamba usaili unatutia hofu, tukumbuke kwamba kuulizwa swali na kusubiriwa tujibu ni haki ambayo vizazi vilivyotutangulia vilinyimwa.

Macho yaliyopimwa London

Wakati kibarua alikuwa haulizwi, mabwana waliotumwa kumtawala walikuwa wakisailiwa. Uingereza, mwaka 1854, ilipokea taarifa ya Northcote na Trevelyan iliyopendekeza watumishi wa serikali wapatikane kwa mitihani ya ushindani badala ya kupendelewa na wakubwa. Hata hivyo, maofisa tawala waliopelekwa katika makoloni ya Afrika hawakuchaguliwa kwa mitihani hiyo. Walichaguliwa hasa kwa barua za wadhamini na kwa usaili wa ana kwa ana.

Mtu aliyeusimamia uchaguzi huo kwa miaka mingi ni Ralph Furse. Aliingia Wizara ya Makoloni mwaka 1910, na ukiondoa miaka ya vita alikuwa kwenye kazi hiyo hadi mwaka 1948. Maofisa wengi waliotawala wilaya zetu za Uganda walipita katika ofisi yake. Furse aliamini kwamba tabia ya mtu huonekana. Wasaili walikuwa na mwongozo wa ndani uliowafundisha namna ya kumtazama mwombaji: midomo iliyolegea na macho yanayokwepa vilihesabiwa kuwa dalili za udhaifu, ilhali macho yaliyotulia na taya lililokaza vilihesabiwa kuwa dalili za mtu mwenye nia na msimamo.

Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza, nilikiweka kitabu chini nikanyamaza kidogo. Macho yanayokwepa! Yale yale ambayo bibi yangu alinifunza kuyainamisha ili nionekane nina adabu, huko London yaliandikwa kuwa ni alama ya mtu dhaifu. Ofisa aliyechaguliwa kwa kukaza macho alisafiri hadi Busoga, akamkuta kijana aliyeinamisha macho kwa heshima. Kila mmoja wao alikuwa fasaha katika lugha yake ya mwili, na kila mmoja alimsoma mwenzake vibaya.

Kuna jambo jingine la kutafakari. Furse mwenyewe alikuwa na udhaifu wa kusikia. Kwa vigezo vya mwili peke yake, msaili mwingine angeweza kumwona kuwa hafai kazi ya kuwasikiliza watu. Mwili hausemi kila kitu, na wakati mwingine msomaji wake ndiye asiyejua kusoma.

Baada ya uhuru

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, viti vya wasaili vilianza kukaliwa na wananchi wenyewe. Meza ilibaki pale pale. Msailiwa aliendelea kuketi peke yake upande mmoja, na jopo upande wa pili. Pamoja na meza, tulirithi pia sehemu ya kipimo: kaa wima, tazama mbele, sema kwa sauti thabiti. Hakuna aliyetufafanulia kipimo hicho kilitoka wapi. Ndiyo maana msaili wangu aliweza kuniambia kwamba pale hapakuwa nyumbani, ingawa yeye na mimi tulizaliwa wilaya moja.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliweka misingi iliyo bora. Ilianzisha tume zinazosimamia ajira za umma, kama vile Tume ya Utumishi wa Umma, Tume ya Utumishi wa Elimu na tume za utumishi za wilaya. Ibara ya 21 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, kabila, dini, hali ya kiuchumi, ulemavu na mengineyo. Jopo linaloheshimu ibara hiyo haliwezi kumnyima alama mwombaji asiyeona eti kwa sababu hakuwatazama machoni, wala kumdharau mwenye kigugumizi kana kwamba hana fikra. Linapaswa kuwauliza waombaji wote maswali yanayohusu kazi na kuwapima kwa kigezo kimoja.

Majirani zetu wa Kenya walitupa somo jingine mwaka 2011. Chini ya Katiba yao mpya ya mwaka 2010, waombaji wa wadhifa wa Jaji Mkuu walisailiwa hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama, na wananchi wakafuatilia kwenye televisheni. Mmoja wao, Willy Mutunga, alikuwa amevaa kipuli sikioni. Kipuli hicho kidogo kilizua mjadala mkubwa kuhusu namna jaji anavyostahili kuonekana. Mutunga hakukivua. Aliulizwa, akajieleza, na mwezi Juni mwaka huo aliapishwa kuwa Jaji Mkuu. Naona funzo katika utulivu wake. Mwili wake ulizua swali, naye akalijibu kwa maneno, bila kuona haya na bila kufoka.

Asilimia zinazopotosha

Kabla sijafika kwenye ushauri, niondoe kosa moja linaloenezwa sana katika semina za watafuta kazi. Utaambiwa kwamba asilimia 55 ya mawasiliano ni mwili, 38 ni sauti, na 7 tu ndiyo maneno. Takwimu hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1967. Lakini majaribio hayo yalihusu jambo finyu: neno moja moja lilisemwa kwa viimbo tofauti, au likaambatanishwa na picha za nyuso, na wasikilizaji wakaulizwa kama msemaji alionyesha kupenda au kuchukia. Hayakuhusu usaili wa kazi wala hotuba, na Mehrabian mwenyewe ametahadharisha dhidi ya kuyatumia kwa mawasiliano yote.

Ingekuwa kweli kwamba maneno ni asilimia 7 tu, basi ungeweza kusailiwa kwa Kijapani usichokijua ukafaulu kwa tabasamu. Viziada lugha huyasaidia maneno au huyasaliti. Haviwezi kuyachukulia nafasi. Anayesema "Nina hakika" huku akifinyanga leso chini ya meza ameyasaliti maneno yake. Anayesema "Sijui, lakini ningetafuta jibu kwa njia hii" huku ametulia ameyapa uzito.

Niliyomjibu msichana yule

Sasa nirudi kwenye swali la magoti. Nilimwomba anitamkie salamu tunayowapa wakubwa kwa Kiswahili. Akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikamwuliza kama anajua chanzo chake. Hakujua. Nikamweleza kwamba neno hilo huelezwa kuwa limetokana na kushika mguu: mdogo humwambia mkubwa kwamba anaishika miguu yake. Leo hakuna anayeinama kuushika mguu wa mtu anapotamka shikamoo. Tendo la mikono lilihamia katika ulimi, na heshima haikupungua hata chembe. Anayeamkiwa hujibu marahaba, na mambo yakawa sawa.

Basi, nikamwambia, fanya kama lugha ilivyofanya. Adabu uliyofunzwa na bibi yako usiiache mlangoni. Ihamishe tu mahali pake. Tukafanya mazoezi darasani, madawati mawili yakiwa meza ya jopo, na haya ndiyo tuliyoyafanyia kazi.

Kwanza, kuingia. Bisha hodi, ngoja ukaribishwe, simama wima, inamisha kichwa kidogo, amkia kwa sauti inayofika upande wa pili wa chumba. Kuinamisha kichwa kwa sekunde moja kunabeba heshima yote ambayo goti lilikuwa linaibeba. Keti unapokaribishwa, na ushukuru.

Pili, macho. Usiyakodoe kama anayegombana, wala usiyazike mezani. Anayekuuliza, mtazame anapouliza. Unapojibu, anza na yeye, kisha wagawie na wengine macho yako, kwa kuwa jopo lote linasikiliza. Unapohitaji kufikiri, hakuna ubaya kutazama pembeni kidogo, mradi urudi.

Tatu, mikono. Iweke mapajani au juu ya meza, wazi. Itumie kufafanua jambo, kisha irudishe. Simu izimwe kabla ya kuingia, isiwe ya kuwashwa kwa mtikisiko mfukoni.

Nne, kimya. Swali likiwa gumu, nyamaza kwa pumzi mbili, kisha jibu. Wazee wetu hawakumdharau anayenyamaza kabla ya kusema. Walimdharau anayesema kabla ya kufikiri. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tano, ukweli. Akikuuliza mtu kwa nini hukumtazama, au kwa nini umeinama, mwambie kwa upole: "Ndivyo nilivyolelewa kuwaheshimu wakubwa. Niko tayari kuendelea." Sentensi kama hiyo ndiyo niliyoikosa siku ile. Sasa ninajua kwamba magoti hayakunikosesha kazi. Kilichonikosesha ni kwamba baada ya kuambiwa niinuke, niliinua mwili peke yake. Sauti yangu niliiacha sakafuni.

Msichana alirudia mazoezi mara tatu. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili alisahau kuketi, mara ya tatu aliingia, akainamisha kichwa, akasema "Shikamooni" kwa sauti iliyowafanya wanafunzi waliokuwa uani wageuke. Usaili wake ni juma lijalo. Sijui jopo litaamua nini. Najua kwamba babu yake alipimwa misuli, na hakuna aliyemwuliza anafikiri nini. Yeye ataulizwa. Na akiulizwa, atajibu akiwa ameketi wima, akiwa bado mtoto wa bibi yake.

Maswali ya mjadala darasani

1. Eleza tofauti kati ya namna abagalagala walivyopimwa na namna kibarua mwenye kipande alivyopimwa. Ni nani kati yao aliyepewa nafasi ya kuonyesha tabia yake?
2. Katika jamii yako, kuinamisha macho kuna maana gani? Je, maana hiyo hubadilika kulingana na mahali?
3. Tunga mazungumzo mafupi kati ya msaili na msailiwa, ukionyesha viziada lugha ndani ya mabano.
4. "Jopo la wasaili nalo linapaswa kujifunza kusoma mwili." Jadili kauli hii ukizingatia haki za watu wenye ulemavu.